Tupeane uzoefu: renjifainda yako ilipokosa fokasi, mchawi alikuwa nani?

Mwana wa Temeke

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda napata ujumbe wa aina moja: "Kaka, nimenunua kamera ya zamani ya renjifainda, kwenye kidirisha taswira mbili zinaungana vizuri kabisa, lakini picha zikitoka sura za watu hazijakolea." Na anayeuliza tayari ameshika bisibisi. Naomba kila aliyepitia haya aeleze alivyomkamata mchawi wake, ili anayekuja nyuma yetu asiharibu chombo ambacho hakitengenezwi tena.

Naanza mimi. Nina Zorki-4, zile za kiwanda cha Krasnogorsk, Urusi, zilizotengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973, na lenzi ya Jupiter-8 ya milimita 50. Kwenye sendofu ya dada yangu nilipiga roli mbili. Zilipotoka kwa kusafishwa niliishiwa nguvu: macho ya bibi harusi yamefifia, hereni zinaonekana hadi nakshi zake. Fokasi imeangukia nyuma, karibu kila picha ya karibu. Sendofu hairudiwi, wakuu.

Kwa wageni wa kamera hizi: huangalii kupitia lenzi. Lenzi ikisogea, nyuma yake inasukuma kimkono kilicho ndani ya bodi, kimkono kinageuza kioo kidogo, na wewe unaona taswira mbili zikikutana. Mnyororo huo ukipoteza hata sehemu ya kumi ya milimita mahali popote, kidirisha kitakuambia "tayari" na filamu itasema mengine.

Nilikuwa nimeshaanza kuifungua lenzi rafiki yangu akanizuia. Akaniazima lenzi yake ya Industar-61. Tukalaza rula kwa mshazari mezani, kamera kwenye stendi mita moja, apacha (tundu la mwanga ndani ya lenzi) wazi kabisa, nikafokasi kwenye alama ya 15 ya rula. Picha tano, na kila moja naizungusha lenzi mbali kwanza ndipo naanza upya. Lenzi ya kwanza: nyuma. Ya pili: nyuma, na kwa kiasi kilekile. Lenzi mbili haziwezi kuugua ugonjwa mmoja siku moja. Bodi ndiyo ilikuwa na shida.

Usiku nikapanda juu ya paa na kuutazama mwezi, lenzi nimeizungusha hadi mwisho kwenye infiniti, yaani fokasi ya mbali kabisa. Nikaona miezi miwili, mmoja umemlalia mwenzake kama sahani mbili zilizopangwa vibaya. Skrubu ya infiniti kwenye Zorki iko mbele, karibu na kidirisha. Niliigusa kidogo kidogo hadi miezi ikawa mmoja, nikashuka kupima mita moja, nikapanda tena, kwa sababu ukirekebisha karibu, mbali nako kunahama. Nilipanda ngazi mara nne usiku ule. Roli iliyofuata, kope za mama yangu zinahesabika.

Bint Makadara

Asante kwa kuanzisha hili. Mimi niko Mombasa na yangu ni Yashica Electro 35 aliyoniachia marehemu baba. Lenzi yake haitoki, ni milimita 45, apacha 1.7. Joto na unyevu wa Pwani mnaujua: fangasi walikuwa wametanda kwenye kioo cha mbele kama utando wa buibui. Nikaipeleka kwa fundi, ikarudi inang'aa. Picha ya kwanza niliyopiga Mama Ngina, meli zote zimefifia, na mtoto aliyekuwa akinunua mihogo mbele yangu pia amefifia.

Nilidhani ni renjifainda. Kumbe hapo kuna maswali mawili, na watu huyachanganya: lenzi yenyewe inatua kwenye filamu? Halafu, renjifainda inakubaliana na lenzi? La kwanza lazima lijibiwe kwanza, la sivyo unaiweka renjifainda ifuate lenzi iliyopotea.

Nilifungua mlango wa nyuma, nikaweka shata kwenye B, ambapo hubaki wazi muda wote ukiwa umebonyeza, na kuikaza kwa kebo, apacha wazi, nikabandika mkanda ule mweupe wa ofisini usiong'aa mahali filamu inapopita, nikaelekeza kamera kwenye mnara wa mbali na kutazama kwa kioo cha kukuza. Taswira inaonekana kichwa chini juu ya mkanda, ndogo lakini safi.

Hapa nilipoteza wiki nzima, kwa hiyo someni vizuri. Nyuma ya kamera kuna reli mbili kila upande. Za nje hubeba lile bamba linaloisukuma filamu. Za ndani ndizo filamu hulalia. Tofauti ya kimo baina yake ni karibu milimita 0.2 tu. Mimi nilibandika juu ya zile za nje, nikapata majibu ya uongo, nikamlaumu fundi kwa kosa ambalo siyo lake. Nilipohamia reli za ndani ndipo nikaona ukweli: infiniti bado haijakolea, ila kasoro ni ndogo kuliko nilivyofikiri.

Nikachukua tochi nikaikagua lenzi kwa mbele. Fungu la vioo vya mbele lilikuwa halijaingia hadi mwisho. Ukipitisha ukucha unakwama kwenye ufa mwembamba. Nikalifungua polepole, na kwenye uzi wake nikakuta chembe ya grisi kuukuu iliyokauka, ngumu kama mchanga. Nikaitoa kwa kijiti cha meno, nikafuta uzi kwa spiriti, nikalirudisha likakaa. Mnara ukasimama kwenye mkanda umekolea. Renjifainda sikuigusa kabisa. Ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Kijana wa Ngara

Fupi tu. Mimi mchawi wangu alikuwa shingo yangu. Nafokasi jicho katikati ya kidirisha, halafu nageuza kamera ili uso ukae pembeni ya picha. Kwa mita moja, ukigeuza nyuzi 20, fokasi inabaki nyuma ya jicho karibu sentimita 6. Na kwa lenzi ya 50 yenye apacha 1.4, umbali huo eneo lote lililokolea halizidi sana sentimita 3. Piga jaribio bila kugeuza kabla ya kuilaumu kamera.

Msafiri wa Elbe

Salamu kutoka Hamburg. Nilipokuwa napiga filamu kwenye Leica, renjifainda za Kijerumani, lenzi zangu zote zilikuwa "sawa". Niliponunua M9, ile ya dijitali ya 2009, ndipo kila kasoro ikatoka hadharani. Filamu hujikunja kidogo na ina unene wake, hivyo husamehe. Sensa ni bapa kabisa, halafu unaikuza picha kwenye skrini hadi unaona vinyweleo.

Lenzi za Leica zilikuwa safi. Iliyonisumbua ni Jupiter-3 ya Kisovyeti, milimita 50, apacha 1.5. Mbali iko vizuri, mita moja inaangukia nyuma sentimita 3 hadi 4. Nikapima kwa mikromita adapta inayoifanya lenzi ya kufunga kwa skrubu iingie kwenye mdomo wa Leica M: milimita 1.00 kamili, ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa lenzi za M hukaa milimita 27.80 kutoka kwenye filamu na za skrubu 28.80. Adapta haina kosa.

Sababu ni ya ukoo. Leica hupima mwendo wa kimkono kwa lenzi ya 50 ambayo kiuhalisia ni milimita 51.6. Jupiter-3 ilitokana na Sonnar, lenzi ya Zeiss iliyotengenezewa kamera za Contax, na hesabu ya huko ni 52.4. Lenzi ndefu zaidi inahitaji kutoka mbele zaidi ili ifike mita moja, lakini kwenye Leica inatolewa kwa kipimo cha 51.6 tu. Upungufu kwa mita moja ni karibu milimita 0.09. Ndiyo maana infiniti inakubali na karibu inagoma, na hakuna skrubu ya bodi itakayolitibu bila kuharibu lenzi zako nyingine zote.

Dawa ni shimu. Fungu la vioo linatoka kwenye mzinga kwa kulizungusha, na linapokaa kuna ringi nyembamba. Nilikata nyingine kwenye kopo la soda, ambalo ni karibu milimita 0.1, nikasugua kingo kwa msasa laini zisiachie unga ndani. Vioo vikasogea mbele na fokasi ikarudi kwenye jicho. Gharama yake muijue: sasa nikizungusha hadi mwisho lenzi inafika kama mita 25. Kwa apacha 1.5 milima ya mbali haikolei tena, lakini kuanzia 5.6 huoni tofauti. Lenzi hii naitumia kwa sura za watu, nimeridhika.

Mzee Apacha

Vijana wangu mmesema vema. Niongeze machache.

Lenzi za muundo wa Sonnar huhamisha fokasi unapofunga apacha. Ikiwa imepangwa ikae sawa kwenye 2.8, ukifungua 1.5 itaangukia mbele. Huo si ugonjwa, ni tabia yake. Kwa hiyo jaribio la rula lirudiwe kwenye apacha mbili tatu kabla ya kuhukumu.

Taswira mbili zikipishana juu na chini, hiyo ni marekebisho mengine kabisa. Haikosesi fokasi yenyewe, ila inalichosha jicho hadi unakosea. Na jicho nalo mlipime. Mimi nilihangaika na kamera nzima mwaka mzima. Nilipobadilisha miwani ikapona.

Kwenye Leica M, roda (kigurudumu) iliyo mwisho wa kimkono ina kitovu kisichokaa katikati kabisa, na kwenye M8 na M9 hugeuzwa kwa alenki ya milimita 2. Kabla ya kugusa, weka alama kwa penseli ilipokuwa. Geuza kiasi cha unene wa unywele, kisha pima. Na kimkono kishikilie kwa kidole kisipinde wakati unageuza. Kikipinda, umejitafutia kazi nyingine kubwa zaidi. Kwenye Zorki na FED, nazo za Kisovyeti, hakuna roda, ni ulimi wa chuma, nao ukigeuka unabadilisha fokasi ya karibu.

Mwenye rafiki aliye na Leica M zilizokuja baada ya M9, zinazoonyesha picha moja kwa moja kwenye skrini, ataokoa muda. Fokasi kwa skrini hadi ikolee, usiiguse lenzi, kisha chungulia kidirishani. Taswira zikiwa zimeachana, umeshajua kasoro na upande wake bila kupiga picha hata moja.

Mgeni wa Ilemela

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Ndiye mimi niliyemwandikia Mwana wa Temeke. Bisibisi nimeirudisha kabatini. Leo mchana nimepima Jupiter-8 yangu na Industar ya kuazima kwa rula, picha tano tano, kaka wa studio hapa Mwanza kanisafishia roli jioni hii hii. Zote mbili nyuma, sentimita 4, hazitofautiani. Mawingu yametanda ziwani tangu magharibi, nasubiri yapite nipande juu na kamera niutazame mwezi.