Tutajuaje kama mradi wa wafadhili umepiga hatua mwaka huu?

Karani wa Kizingitini anauliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaandika kwa niaba ya kikundi cha wavuvi cha huku Kizingitini, kisiwani Pate katika kaunti ya Lamu, Kenya, ambacho kimo katika mradi unaogharimiwa na washirika wa maendeleo kutoka nje kupitia serikali. Kila mwaka wa fedha unapomalizika tunaitwa kikaoni na kusomewa ripoti ya maendeleo. Ripoti hiyo hueleza ni semina ngapi zilizofanywa, ni watu wangapi waliotia sahihi katika orodha ya mahudhurio na ni sehemu gani ya bajeti iliyotumika, lakini haigusi mambo ambayo sisi huyahesabu kuwa ndiyo maendeleo: kama mvuvi amepata bei bora kuliko mwaka uliopita, kama barafu inapatikana wakati wa kaskazi samaki wanapokuwa wengi, kama kina mama wanaokaanga na kuuza samaki wameongeza mtaji. Wenzangu wamenitaka nizungumze katika kikao kijacho. Je, ni mambo gani hasa mwananchi ayaulize ili ajue kwamba mwaka haukupita bure, na je, sheria inatupa haki ya kudai hati zenyewe, au ni lazima tungoje kusomewa?

Mzee wa Langoni anajibu:

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nilifanya kazi ya mipango serikalini mpaka nikastaafu, na ningependa swali lako liulizwe katika kila kikao cha aina hiyo.

Anza na asili ya fedha. Watu wetu wakisikia kwamba mradi una wafadhili hudhani zote ni sadaka, na aliyepewa sadaka huona haya kuuliza. Mradi wa uvuvi unaojulikana kwa jina la KEMFSED, uliopangwa kuhudumia Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa na Kwale, uliidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020 kwa takriban dola milioni 100, na fedha hizo ni mkopo wa masharti nafuu ambao Wakenya watakuwa wakiulipa kwa miaka mingi. Katika mradi wa namna hiyo wewe ni miongoni mwa wadaiwa, si mgeni mwalikwa, na una kila sababu ya kuuliza waziwazi.

Kisha uliza hali ilikuwaje kabla ya mradi kuanza. Ripoti isiyoonyesha hali ya mwanzo inaweza kudai hatua yoyote, kwa sababu hakuna wa kuipinga.

Lipo jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha, nalo linatuhusu sisi watu wa bahari kuliko wengine. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Bahari yetu haifuati kalenda hiyo. Mwezi wa Juni upepo ni wa kusi, bahari imechafuka na vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya miamba, ilhali kaskazi, ambayo ndiyo mavuno ya mvuvi wa Pate, huangukia katikati ya mwaka huo wa fedha. Fedha zikichelewa kutolewa, vifaa hununuliwa mbio mbio mwezi wa Mei na Juni ili bajeti isionekane kwamba haikutumika, na ripoti huandikwa kwamba nyavu na mashine za boti zimegawanywa zote, hali ya kuwa hazijaingia majini hata siku moja. Kwa upande wa hesabu ripoti hiyo haina uongo. Kwa mvuvi, msimu mzima umepotea. Kwa hiyo usiridhike na jibu kwamba kifaa kimetolewa. Uliza kimetolewa mwezi gani.

Wala usidhani kwamba hili ni tatizo la Lamu peke yake. Mwaka 2005 nchi tajiri na nchi zinazoendelea zilikubaliana mjini Paris kwamba misaada ifuate mipango ya nchi inayopokea, ipitie katika mifumo yake ya fedha, na ipimwe kwa matokeo. Ziliwekwa shabaha 13 za kufikiwa ifikapo mwaka 2010. Tathmini ya mwisho ilipofanywa, ulimwenguni kote ilikuwa imefikiwa moja tu.

Binti Mkomani anajibu:

Shikamoo, Mzee wa Langoni. Naongeza upande wa sheria, kwa kuwa ndugu karani ameuliza na jibu ni la wazi: hamlazimiki kungoja kusomewa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka afisi iliyoombwa itoe uamuzi katika muda wa siku 21. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Mkinyimwa au mkipuuzwa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Ombeni mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kaunti hutakiwa kuufikisha katika bunge lake kabla ya tarehe 1 Septemba, muulinganishe na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, kisha na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo Katiba inataka iwe tayari miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Hati hizo tatu zikisemezana vizuri mtafarijika. Zisiposemezana, maswali yenu mmeshayapata.

Mkazi wa Malindi anajibu:

Nakubaliana na waliotangulia, ila nisingependa lawama zote ziwaangukie washirika wa nje na maafisa wa kaunti. Fedha za washirika zinazokwenda kwenye kaunti hupitishwa na Bunge kwa Sheria ya Mgao wa Ziada, na Seneti na Bunge la Taifa wasipokubaliana mapema, fedha hubaki Nairobi huku miezi ikienda. Ulizeni ziliingia katika akaunti ya kaunti tarehe gani.

Linaloniuma zaidi ni yanayotokea mfadhili anapoondoka. Mwaka 2006 Kenya na Italia zilitia sahihi mapatano ya kugeuza deni la takriban yuro milioni 44 kuwa fedha za maendeleo humu nchini, kwa muda wa miaka kumi. Naliona kuwa jambo jema, maana fedha ambazo zingetoka nje zilibaki kuwahudumia wananchi. Lakini kila muda uliopangwa una mwisho. Mara nyingine mwisho huja bila kupangwa. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilisimamishiwa fedha Januari 2025 na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo lilikuwa limeacha kutoa misaada, na huduma nyingi za afya hapa Kenya zilizolitegemea zikatikisika kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mimi ningeuliza kila mwaka: mwaka huu kaunti imebeba gharama gani ambayo mwaka jana ilibebwa na mfadhili? Kama mashine ya barafu bado inanunuliwa mafuta na mradi, na hakuna mstari wa bajeti ya kaunti unaoitaja, basi hata iwe inafanya kazi vizuri namna gani, sioni kwamba tumesogea.

Karani wa Kizingitini:

Mmenifungulia mlango, Mungu awalipe. Limebaki moja. Mzee amesema tuulize hali ya mwanzo. Tukiambiwa kwamba haikuandikwa, tutafanyaje?

Mzee wa Langoni:

Iliandikwa, mwanangu, ila pengine haikutafutwa. BMU yenu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ina daftari la samaki wanaoteremshwa ufuoni, na afisa wa uvuvi hukusanya hesabu hizo. Chukueni Januari ya kabla ya mradi muilinganishe na Januari ya mwaka huu, wala msiilinganishe na Juni. Kuhusu bei, wanunuzi wa kamba wa baharini huweka vitabu vyao, na wengi hawatawanyima wakijua mnachokitafuta. Kina mama waulizwe na kina mama wenzao, mmoja mmoja, si mkutanoni. Yaandikeni yote katika ukurasa mmoja, na nakala mpeni mwakilishi wa wadi wiki moja kabla ya kikao, apate kuwasilisha maswali hayo hayo kwa idara katika bunge la kaunti.