Waandaaji wa safari za "maporomoko ya Rondo", hela ya kiingilio mnaipeleka wapi?

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe lugha.

Kuna jamaa hapa Lindi mjini, jina namhifadhia kwa sasa, anakusanya watu kwenda kuona maporomoko msituni Rondo. Elfu 85 kwa kichwa. Tangazo linasema usafiri, chakula, kiingilio cha hifadhi na mwenyeji wa kutuongoza, vyote humohumo. Picha aliyoweka ni ya Materuni, Moshi kule! Tuachane na hilo, matangazo ya bongo tunayajua.

Sasa kabla hata hatujafika ofisi ya hifadhi, jamaa kamwambia dereva wa Kosta asimame. Tushuke, tukate kushoto, eti njia ya mkato. Mkato gani usio na hata unyayo wa mbuzi? Panga mkononi, anafyeka miche kama anapalilia mikorosho ya baba yake. Ule ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, jamani. Kuna komba anayeitwa kwa jina la Rondo yenyewe, hafiki hata gramu 100, na yuko hatarini kutoweka. Ukifyeka vichaka, unamfyekea kwake.

Halafu mwezi wa nane, upupu umekauka. Dada mmoja kapitisha mkono kwenye yale maganda ya kahawia yenye manyoya. Alivyozidi kujikuna ndivyo vinyweleo vilivyozidi kusambaa, shingoni, mpaka kwenye kope. Mwandaaji wetu anamwambia "jikaze dada, ndiyo raha ya pori." Huduma ya kwanza hana, hata kamba hana.

Aliyetuokoa ni mzee wa Kimwera aliyekuwa anapita na kuni. Tukamwamkia, akaitikia, akauliza: "Wajukuu zangu, mbona mnapita huku na njia iko pale?" Akamkandika yule dada udongo mbichi, akasubiri ukauke, akaubandua taratibu. Kumbe yeye ndiye huwa anaongoza wageni. Kwa kundi zima anachukua elfu kumi. Elfu kumi, wakuu! Hiyo ndiyo jamaa aliyoikimbia, pamoja na kiingilio.

Maporomoko yenyewe? Maji yanachuruzika kwenye mwamba kama bomba bovu. Mvua za kusini ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na ardhi ya juu kule ni kichanga, maji yanazama na kuja kutokea kwenye chemchemi za pembezoni. Mtu anayeuza safari hii Agosti kwa picha ya Materuni anajua anachokifanya.

Na hapohapo wengine wakavua, wakaoga na sabuni, wakati bondeni kina mama wanachota maji ya kunywa kwenye kijito hichohicho. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza kufanya shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mwandaaji ndiye aliyekuwa anawapiga picha.

Nimemwandikia anirudishie hela ya kiingilio na ya mwenyeji, kajibu "safari ilifanyika boss." Muamala ninao, tangazo ninalo. Tuliokuwa kwenye Kosta ile tujuane hapa, twende ofisi ya hifadhi pamoja. Tangazo la safari nyingine limeshatoka, na bei kapandisha.