Nipangieni watano bora wa Wimbledon, ubao wangu umefutwa mara tatu

Kinyozi wa Kona
Wakuu habari za jioni. Nina saluni ya kiume, na ukutani kuna ubao ambao kila Jumatatu naandika kwa chaki watano bora wa jambo fulani. Soka tumeshaimaliza. Wiki hii nikajichanganya, nikaandika wanaume watano bora wa Wimbledon, yale mashindano ya tenisi ya Uingereza: Federer, Djokovic, Sampras, Borg, Becker.

Mzee mmoja mstaafu akainuka kitini na kitambaa shingoni, povu kidevuni, akamfuta Becker kwa kiganja na kuandika Laver. Nikammalizia ndevu kimyakimya. Kesho yake kijana kamshusha Federer, kampandisha Djokovic. Leo mwingine anauliza Renshaw yuko wapi wakati ana vikombe 7, akafuta ubao wote. Nipime kwa kigezo gani? Wateja wenyewe ndio hao hao, siwezi kuwagombeza.

Mzee wa Wavuni
Mkuu, anza na Renshaw, huyo ni rahisi. Kweli alibeba 1881 hadi 1886 mfululizo, kisha 1889. Ila zama zile bingwa mtetezi alikaa pembeni akila chai, anasubiri mechi moja tu ya mwisho. Utaratibu huo uliondolewa 1922. Siku hizi anayetaka kombe anashinda mechi 7.

Kuhusu Laver, mwombe mzee radhi. Alibeba 1961 na 1962, akaingia tenisi ya kulipwa, na Wimbledon haikuwaruhusu wa kulipwa kushindana na wa ridhaa. Miaka mitano yuko nje. Milango ilipofunguliwa 1968 akarudi akabeba, na 1969 tena. Vikombe 4, katikati kuna shimo ambalo hakuna mtu aliyemchimbia kwa raketi.

Mtoto wa Spini
Federer 8, uzi ufungwe. Mitano mfululizo kuanzia 2003, halafu 2009, 2012, na ule wa 2017 akiwa na miaka 35 bila kupoteza hata seti moja.

BintiRaketi
Usifunge uzi wa watu. Federer na Djokovic wamekutana fainali tatu pale: 2014, 2015, 2019. Nani kashinda zote? Djokovic. Hiyo ya 2019 niliiangalia nimesimama. Seti ya tano, Federer anaongoza 8-7, servisi yake (yeye ndiye anayeanzisha mpira), 40-15, pointi mbili za ubingwa mkononi. Ya kwanza forehand yake, pigo la mkono wa mbele, ikatoka nje. Ya pili akasogea wavuni, Djokovic akampitishia mpira kwa mshazari. Ikaishia 13-12 kwa taibreki, yaani mchezo wa pointi wa kuamua seti iliyofungana, baada ya saa 4 na dakika 57. Na Federer ndiye aliyekuwa na pointi nyingi kwa jumla, 218 kwa 204! Mimi sikula usiku ule, na wala si shabiki wake.

Mzee wa Wavuni
Dada, Djokovic naye ana 7 tu, na fainali tatu kapigwa: Murray 2013, Alcaraz 2023 na 2024. Sampras ana 7 na fainali 7. Hajawahi kupoteza hata moja. Kuanzia 1993 hadi 2000 aliyemtoa ni Krajicek peke yake, robo fainali ya 1996.

Tena msisahau Wimbledon inachezwa kwenye nyasi. Mwaka 2001 walibadilisha mbegu, mpira ukaanza kuruka juu zaidi, watu wakahamia nyuma ya uwanja. Zamani ulikuwa unateleza chini, usipokimbilia wavuni umekwisha. Ndiyo maana Borg ananishangaza kuliko wote. Mtu wa kucheza nyuma, kabeba mitano mfululizo, 1976 hadi 1980, na mitatu ya mwisho katokea kubeba kombe la Ufaransa kwenye viwanja vya udongo wiki chache kabla. Fainali ya 1980 McEnroe kamnyang'anya taibreki ya seti ya nne 18-16. Mwingine angelala. Yeye akaishinda ya tano 8-6.

Chaki Nyeupe
Na Ivanisevic 2001? Namba 125 duniani, kaingia kwa mwaliko, katoka na kombe.

BintiRaketi
Huyo mpe ubao wake.

Fundi Kimya
Mkuu, tatizo ni kichwa cha habari. "Bora" kila mtu anaisoma kivyake. Andika swali: "Fainali ni kesho, nyumba yako iko rehani, unamtuma nani?" Vikombe vitahesabiwa, lakini na roho ya mtu itahesabiwa.

Kinyozi wa Kona
Mrejesho wakuu. Nimeandika swali la Fundi Kimya, chini yake Federer, Sampras, Djokovic, Borg, Laver. Kijana wa Djokovic kanuna lakini kanyolewa. Mzee naye kaja leo, juzi tu nilimnyoa, hana hata unywele wa kukata. Kasoma kasimama, kachukua chaki, kapiga mstari chini ya jina la Laver, kaondoka nayo mfukoni.