Ringi za spoksi za MGB 1967: nianzie wapi?

Kijana wa Lanet
Habari zenu wadau. Baba mdogo aliniachia MGB ya 1967, kile kigari cha michezo cha Uingereza, imelala gereji hapa Nakuru miaka mingi. Injini imeamka na breki zinashika. Kinachonisumbua ni ringi za spoksi. Zimeshika kutu, na nikiondoka au nikirudi rivasi nasikia "ko!" kutoka nyuma. Ile nati kubwa ya katikati, nyuma upande wa dereva, inalegea hata niigonge vipi. Fundi anataka kuzipuliza mchanga, apige rangi ya unga ya kuokwa, kisha achomelee spoksi zilizokatika. Nimkubalie? Natamani kuifikisha Kisumu kwa shangazi, ambaye huiulizia kila tukiongea.

Mama Injini
Kuchomelea hapana, tafadhali sana. Spoksi hubeba gari kwa kuvutwa. Ukiipasha moto inaishiwa nguvu, na ikikatika mzigo wake unahamia kwa za jirani. Iliyokatika hutolewa, ikawekwa mpya pamoja na nati yake ndogo.

Spana Kumi na Tatu
Kaka, rangi iache kwanza. Huo mlio ndio unaonitia wasiwasi.

Ringi hizi hazifungwi kwa bolti. Kitovu chake kina meno kwa ndani, yanashikana na meno ya habu (kile kipande cha kwenye ekseli kinachovaliwa na ringi), na nguvu yote ya injini na breki hupitia hapo. Inua nyuma kwa jeki, weka stendi, vuta handibreki, halafu shika tairi kwa mikono miwili ulitikise kwenda mbele na kurudi nyuma. Ringi ikicheza huku habu imetulia, meno yamekwisha. Vua uangalie: jino zima lina kichwa bapa, lililolika limechongoka kama la msumeno. Likiwa hivyo, badilisha habu na ringi kwa pamoja. Ukichanganya kipya na kilicholika, kipya nacho kitaliwa upesi.

Sasa hiyo nati. Kulia kwa gari nyuzi huwa za kinyume (unakaza kinyume cha mwendo wa saa), kushoto za kawaida, ili gurudumu likienda mbele nati izidi kujikaza. Yako ya kulia unaikaza kuelekea wapi?

Kijana wa Lanet
Nimetoka kuangalia. Nyuma kulia naikaza kufuata mwendo wa saa, nyuma kushoto kinyume chake. Za mbele ziko jinsi ulivyosema.

Spana Kumi na Tatu
Basi habu za nyuma zimewekwa pande zisizo zake! Usiiendeshe, hata kufika mtaa wa Section 58 tu. Nati itajifungua yenyewe na gurudumu litakuacha barabarani. Zirudishwe pande zake kabla ya lolote lingine.

Mvuvi wa Dunga
Spana amesema kweli. Mimi naongeza kuhusu spoksi. Gonga moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti butu. Chache zikiwa zimelegea, ringi inaokoleka. Hapa Kisumu kuna wazee wa baiskeli wenye mkono mzuri wa kunyoosha ringi, ila utakayempa mwambie mapema kwamba hii ina spoksi 60 na haina haraka. Akimaliza, asage ncha zinazotokeza ndani, aweke mkanda wa mpira, na tairi livae tyubu. Bila tyubu upepo utatoka kwenye matundu ya spoksi.

Mama Injini
Na kama utapuliza mchanga, funika meno na ile sehemu ya mshazari inayokaliwa na nati kubwa. Rangi nayo isifike hapo. Mimi rangi ya unga siipendi kwenye spoksi: ni nene, inaficha nyufa na kugandisha nati ndogo. Rangi ya kawaida ya kupuliza inatosha.

Kijana wa Lanet
Nimeitikisa kwenye stendi, kulia inacheza. Habu mpya zinapatikana kweli?

Spana Kumi na Tatu
Zinapatikana, wauza vipuri wa Uingereza bado wanazo. Agiza ya kulia na ya kushoto, na ringi zake. Siku ya kufunga, paka meno grisi kiasi, kaza gurudumu likiwa juu ya jeki kwa nyundo ya shaba, zunguka mtaani kidogo, kisha inua tena ukaze.