Saa inayodai kupima sukari bila kuchoma kidole: je, niinunue kwa ajili ya mama?

Binti wa Kadutu (Bukavu)

Salamu kwenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa tisa anaishi na ugonjwa wa sukari. Anadungwa insulini asubuhi na jioni, na kabla ya kila sindano sharti tumchome kidole. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu, na kila tunaponunua boksi la bandeleti za kupimia inatubidi tupunguze kitu kingine nyumbani. Juma lililopita, sokoni Kadutu, nilioneshwa saa ya mkononi ya dola 35 ambayo muuzaji alisema inasoma sukari na mafuta ya damu kwa taa ya kijani iliyo mgongoni mwake, bila tone hata moja. Ningempuuza, lakini kituo cha afya cha mtaani kwetu kina kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni ya damu bila sindano, na wauguzi wanakitegemea. Ikiwa oksijeni inasomeka hivyo, kwa nini sukari isisomeke? Naomba jibu kabla sijatoa fedha.

Fundi wa Maabara (Goma)

Dada yangu, umeuliza vizuri, na jibu liko katika rangi. Damu iliyojaa oksijeni ni nyekundu ya kung'aa, na iliyoishiwa oksijeni hugeuka nyekundu ya giza; hata jicho linaona tofauti hiyo. Kifaa cha kidoleni hupitisha miali miwili, mmoja mwekundu wa nanomita 660 hivi na mwingine wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 940 hivi, kisha hulinganisha jinsi himoglobini, yaani ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, inavyoimeza. Mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi ndiye aliyetambua, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba ukifuata tu ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka pamoja na mapigo ya moyo, unaacha kando ngozi, nyama na mfupa, ukabaki na damu ya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, peke yake. Kwa njia iliyo karibu na hiyo, manjano ya mtoto mchanga hukadiriwa kwa kifaa cha mwanga kinachowekwa kwenye paji la uso, kwa sababu bilirubini, kitu kinacholeta manjano hayo, nayo ina rangi yake.

Sukari haina rangi. Mtu mwenye miligramu 100 kwa desilita ana gramu moja tu ya sukari katika lita nzima ya damu. Katika damu yote ya mtu mzima ni kama gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Ni kweli kwamba sukari humeza kidogo mwanga wa infraredi, lakini maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya damu na ya ngozi, huumeza kwa wingi mno, hata jasho, baridi ya asubuhi au mkanda wa saa uliokazwa kupita kiasi vikaweza kufunika kabisa alama ndogo ya sukari. Watafiti wamelihangaikia jambo hili kwa miongo kadhaa. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha saa iliyoitwa GlucoWatch, iliyovuta majimaji kupitia ngozi kwa umeme mdogo; iliwasha ngozi, ilihitaji kurekebishwa kwa kipimo cha kidole, na hatimaye ikaondolewa sokoni. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa janja wala pete janja yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Nakuomba usiinunue. Mama akiongezewa insulini kwa sababu ya namba ya juu isiyo ya kweli, sukari yake inaweza kushuka hadi apoteze fahamu usingizini.

Baba Amani (Lubumbashi)

Binti yangu, mdogo wangu alinunua saa ya namna hiyo. Saa moja baada ya bugali na soda tulimchoma kidole, bandeleti ikaonyesha 268, ilhali saa ilionyesha 104. Kisha tukaifunga kwenye taulo lililokunjwa, nayo ikatoa 98. Tangu siku hiyo haijavaliwa tena.

Usiichanganye, hata hivyo, na kile kibandiko cha mkononi ambacho binamu yangu alituletea kutoka Ubelgiji. Hicho ni kipimo cha kweli, lakini kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi na kusoma majimaji yaliyo kati ya seli, kwa hiyo hufuata damu kwa kuchelewa dakika kadhaa. Kilidumu siku 14, kikaisha, na kingine hatukuweza kukipata.

Binti wa Kadutu (Bukavu)

Nawashukuru sana, saa sitainunua. Mmenikumbusha jambo lililonisumbua. Kijana wa jirani aliletwa kituoni akiwa hajitambui baada ya kulala na jiko la makala ndani, na kifaa cha kidole kilionyesha oksijeni asilimia 98. Je, nacho kilidanganya?

Fundi wa Maabara (Goma)

Kilidanganya, na katika miji yetu inayopikia makala kila muuguzi anapaswa kulijua hilo. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko hilo, hushikamana na himoglobini, na damu iliyoibeba humeza mwanga mwekundu karibu sawasawa na damu yenye oksijeni, hivyo kifaa cha miali miwili hakiwezi kuzitenganisha. Mgonjwa wa namna hiyo atolewe nje apate hewa safi na kupewa oksijeni mara moja, hata namba ikiwa nzuri. Tena, utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni ulipita bila kuonwa na kifaa hicho karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Mtazameni mgonjwa anavyopumua, msitazame kioo peke yake.

Kuhusu vidole vya mama: anawe kwa maji ya uvuguvugu na kukausha, mumchome pembeni mwa ncha wala si katikati, mbadilishe kidole kila mara, na msirudie kisindano kilichokwisha tumika, maana kikipoteza makali ndipo kinapoumiza zaidi. Andikeni kila kipimo katika daftari na kumpelekea daktari wake, naye ndiye atakayeamua kama idadi ya vipimo kwa siku inaweza kupunguzwa.