Naomba ushauri: nipimeje ushahidi dhidi ya Mfalme Richard III?

Ndugu wapenzi wa historia, Richard III wa Uingereza anatuhumiwa kuwaua watoto wawili wa kaka yake, wa miaka 12 na 9, waliotoweka katika Mnara wa London mwaka 1483. Mancini, mwandishi Mwitaliano aliyekuwa London majira hayo, aliandika kuhusu hofu ya watu, lakini alikiri kwamba hakujua ukweli. Thomas More, mwandishi Mwingereza anayeyasimulia mauaji kwa kina, wakati huo alikuwa mtoto mdogo, tena aliandika chini ya ukoo wa Tudor uliompindua Richard, jambo linalonifanya nimsome kwa tahadhari kubwa. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mfalme hakuwahi kuwaonyesha watoto hao hadharani ili kuzima uvumi. Je, ukimya huo niuhesabu kuwa ushahidi?