Nimeweka FGF-2 kwenye seli shina, eksosomu zimeongezeka kweli au?

mwana_inkubeta: Wakuu habari zenu, niko masters nakuza seli shina za kitovu, ninachotaka ni eksosomu (vile vifuko vidogo sana ambavyo seli huvitoa nje) za kutosha kujaribia uponaji wa vidonda. Nimeweka vichocheo vya ukuaji, FGF-2 na PDGF, kwenye midia (maji ya kukuzia seli), nikavuna baada ya saa 48, chembe kwenye NTA (kipimo cha kuhesabu chembe ndogo) zimepanda sana kuliko chupa isiyo na kichocheo. Supavaiza wangu bado hajaridhika. Nipandishe dozi au?

DadaPipeti: Dozi iache kwanza mdogo wangu, seli umezihesabu? Hivyo vyote viwili kazi yake kubwa ni kufanya seli zigawanyike, sasa baada ya siku mbili chupa yenye kichocheo inakuwa na seli nyingi zaidi na chembe lazima ziwe nyingi hata kama kila seli inatoa kiasi kilekile. Gawa chembe kwa seli hai za siku ya kuvuna, ndo utajua. Angalia na zilizokufa maana nazo zinamwaga vipande vipande. MISEV, mwongozo wa kimataifa wa tafiti za eksosomu, unataka hizo namba zote uziripoti.

Kabwela wa Maabara: Naongezea la seramu. Seramu ya ndama ina eksosomu zake za ng'ombe, na NTA inahesabu chochote kinachoelea, hata protini zilizogandana. Ukiizungusha kwenye sentrifuji usiku kucha kwa 100,000 g (mara laki moja ya mvutano wa dunia) unapunguza ila huzimalizi. Kwahiyo weka chupa ya midia na vichocheo bila seli kabisa, ipitishe hatua zote, kitakachosomeka humo ukitoe.

Alafu kwenye vidonda ndo pana hatari zaidi. FGF-2 inanata kwenye heparani sulfeti (aina ya sukari ndefu) na eksosomu zinayo hiyo juu ya utando wao, yani unaweza kuvuna eksosomu zimebeba FGF-2 uliyoimwaga mwenyewe, ukiziweka kwenye seli za ngozi zinakimbia kuziba mkwaruzo wa jaribio na wewe unaandika eksosomu zinaponya kumbe ni kile kichocheo. Hii naiona kwenye ripoti nyingi na inaniuma kwa sababu mgonjwa mwishoni ndo anaahidiwa kitu ambacho hakijapimwa.

mwana_inkubeta: Aisee hilo la kunata sikulifikiria. Sasa nikikuza na vichocheo, nikaosha kwa PBS (maji ya chumvi ya kuoshea seli) alafu nikavunia kwenye midia tupu isiyo na seramu?

DadaPipeti: Hapo sawa kabisa. Osha zaidi ya mara moja, na mzigo wa mwisho upime ELISA (kipimo cha kiasi cha protini) ya FGF-2 uone kilichobaki. Usisahau CD63 na CD81 (protini za alama ya eksosomu) zionekane, kalineksini (protini ya ndani ya seli, ikionekana ni uchafu) isionekane.

Kabwela wa Maabara: Na kama shida ni wingi tu, ongeza eneo la seli kukaa, maikrokaria (vishanga vidogo vya seli kushikia) ndani ya chupa inayozungushwa taratibu. Ila zisizeeke, seli ya pasaji za mbali (iliyohamishwa chupa mara nyingi) inatoa eksosomu zenye mzigo tofauti.